Nani Tunamwamini? Utafiti wa Marekani Juu ya Dini, Kuaminiana na Walio Wachache



Wazazi wenye watoto au ndugu huko Marekani, Uingereza na Kanada hutuuliza mara kwa mara: kwa nini mtu anayeswali swala zake, anayelipa kodi na asiyemgusa mtu anatazamwa kwa shaka kwa sababu ya jina lake au mtandio wake tu? Mara nyingi jibu linalotolewa ni kwamba wale ni makafiri, na makafiri hawatupendi. Jibu hili halitoshi. Lipo jengine lililofanyiwa kazi kwa miaka mingi na wataalamu wa elimu ya jamii, na tumeona ni vyema tulieleze kwa kirefu kidogo, kwani ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi tulioko Unguja na Pemba kuliko linavyowahusu wao.

Mwaka 2003, Penny Edgell na wenzake Joseph Gerteis na Douglas Hartmann wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwapigia simu watu 2,081 nchi nzima ya Marekani. Waliwatajia makundi mbalimbali: Wayahudi, Waislamu, weusi, wahamiaji, wasioamini kuwepo kwa Mungu na wengineo. Kisha wakauliza mambo mawili. La kwanza, kundi hili linakubaliana kwa kiasi gani na jinsi unavyotaka jamii ya Marekani iwe? La pili, mwanao akitaka kuoa au kuolewa na mtu wa kundi hili, utaridhia?

Ilikuwa ni miaka miwili tu baada ya Septemba 11, 2001. Yeyote angetarajia Waislamu wawe mwisho wa orodha. Hawakuwa. Waliokuwa mwisho ni wasioamini Mungu. Karibu watu 40 katika kila 100 walisema kundi hilo halikubaliani kabisa nao, na karibu nusu walisema wasingeridhia mtoto wao aoane na mtu wa aina hiyo. Waislamu walifuata, kwa kiasi cha asilimia 26 katika swali la kwanza na theluthi moja hivi katika swali la ndoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida kubwa la wanaelimujamii wa Marekani.

Huenda msomaji akafurahi na kusema: vyema, hata Wamarekani wanajua kuwa asiyemwogopa Mola haaminiki. Tunaomba asiharakishe.

Watafiti hawa hawakuishia kwenye simu. Walikwenda pia kukaa na watu na kuzungumza nao kwa urefu katika miji minne, ikiwemo Los Angeles na Boston. Walipowauliza, huyu asiyeamini Mungu unayemkataa ni nani hasa, majibu yalikuwa ya ajabu. Wapo waliomweleza kuwa ni mtu wa madawa ya kulevya, ukahaba na uhalifu, mtu wa tabaka la chini kabisa. Wengine wakamweleza kuwa ni tajiri mwenye kiburi, msomi anayejiona, aliyeshughulishwa na mali na kuwadharau wenziwe. Mtu mmoja hawezi kuwa yote hayo. Na waliokuwa wakizungumza, wengi wao walikuwa hawamkusudii jirani wanayemjua kwa jina. Edgell na wenzake wakahitimisha kwamba "asiyeamini Mungu" katika vinywa vya watu wale si mtu bali ni alama. Ni mpaka uliochorwa ili anayeuchora ajijue yeye ni nani: sisi ni watu wema, wenye Mungu, na wao ni wale waliobaki nje.

Basi tazama lililofuata. Mwaka 2014 watafiti wale wale walirudia maswali yao. Safari hii Waislamu ndio waliokuwa mwisho, wakawapita hata wasioamini Mungu. Waliosema Waislamu hawakubaliani nao kabisa walifika kiasi cha asilimia 45, na wasioridhia ndoa wakakaribia nusu. Ndani ya miaka 11 Waislamu wa Marekani hawakubadilika kuwa watu wengine. Wengi wao walikuwa wakifanya kazi zao za udaktari, teksi na biashara kama kawaida. Mji wenyewe wa Minneapolis, kilipo chuo hicho, una Wasomali wengi, na ndio uliomchagua Keith Ellison mwaka 2006, Muislamu wa kwanza kuingia katika Baraza la Wawakilishi la nchi ile. Ni alama ndiyo iliyohama, kutoka kwa kundi moja kwenda jengine.

Lakini je, dini ndiyo inayowafanya watu wawachukie wengine? Hapa tunauleta utafiti wa pili, wa Robert Putnam wa Harvard na David Campbell wa Notre Dame, waliotoa kitabu chao American Grace mwaka 2010. Waliwahoji watu mwaka 2006, kisha wakawarudia wengi wa watu hao hao mwaka 2007, jambo ambalo watafiti wachache hulifanya kwa sababu ya gharama zake. Waliona kwamba wanaokwenda ibadani kila wiki hutoa sadaka zaidi, hujitolea zaidi na husaidia majirani zaidi, hata katika mambo yasiyohusu kanisa lao. Walipotafuta sababu hawakuiona katika itikadi peke yake. Waliiona katika urafiki: mtu mwenye marafiki wengi pale anapoabudu ndiye anayetoa. Anayeamini sana lakini anaswali peke yake na kuondoka bila kumsalimia mtu, hakuwa na tofauti kubwa na asiyekwenda kabisa. Sisi ambao swala ya jamaa imesisitizwa kwetu tokea mwanzo hatuna la kushangaa hapo.

Waliuliza pia kuhusu hisia za watu kwa makundi mengine, kwa kipimo kama cha joto, kuanzia 0 hadi 100. Waislamu, Wabudha na Wamormoni ndio waliopata baridi zaidi. Ila yule ambaye kati ya hojaji ya kwanza na ya pili alipata rafiki wa dini nyengine, moyo wake ulilainika kwa watu wa dini hiyo. La kushangaza zaidi, ulilainika kidogo hata kwa makundi mengine ambayo hakupata rafiki kutoka kwao.

Tuna neno moja la kulipinga katika utafiti wa Edgell, nalo ni lile swali la ndoa. Kwetu sisi ndoa ina hukumu zake. Binti wa Kiislamu haolewi na asiyekuwa Muislamu, na mwanamme wa Kiislamu ameruhusiwa mwanamke mwema wa Ahlul-Kitabu kwa masharti yanayotokana na aya ya 5 ya Suratul-Maidah. Mzazi anayesema hataridhia hapo si lazima awe na chuki. Huenda anashika hukumu ya dini yake, kama anavyofanya Myahudi na Mkatoliki mshika dini. Kuipima chuki kwa ndoa peke yake ni kuchanganya mambo mawili. Maswali yanayofaa kuulizwa mtu wa dini ni mengine. Utamuuzia? Utamuajiri akiwa na sifa? Utampangishia chumba? Ukiletewa tuhuma juu yake utataka ushahidi sawa na ule unaoutaka kwa ndugu yako?

Na hapo ndipo maneno yanapotugeukia. Visiwani mwetu sisi ndio wengi kupindukia. Walio wachache ni Wakristo, wengi wao waliokuja kutoka Bara kwa kazi za mahoteli, ujenzi na serikali, pamoja na Wahindu wa Mji Mkongwe. Kanisa la Mkunazini na Minara Miwili pale Shangani yamekuwepo tangu enzi za Masultani, na mabibi zetu waliishi nayo bila tabu. Lakini sikiliza mazungumzo ya barazani ya siku hizi. Ukiibwa mkungu wa ndizi, "hao wa Bara." Kijana akianza ulevi, "wamemharibu hao." Ukimuuliza msemaji, nani hasa? Humpatii jina. Ni yule yule wa Edgell: mlevi na mwizi kwa huyu, na kwa mwengine ni tajiri aliyekuja kununua fukwe zetu. Hatusemi kwamba wizi haupo au ulevi haupo, na malalamiko juu ya ardhi yana pahala pake pa kupelekwa. Tunasema mwizi ana jina, na ulevi una muuzaji, na wapo wauzaji wanaoitwa kwa majina kama yetu.

Wafasiri wa Qur-ani wanapofikia aya ya 105 ya Suratun-Nisaa na zinazofuata, hutaja kisa ambacho katika baadhi ya riwaya zake kinamhusu Myahudi mmoja wa Madina. Deraya iliibwa na mtu aliyehesabiwa miongoni mwa Waislamu. Ilipokaribia kugundulika, aliitupia kwa yule Myahudi, na jamaa zake wakaja kumtetea mbele ya Mtume (s.a.w.). Walikuwa wengi, wa kabila moja, na mtuhumiwa hakuwa na wa kumsemea. Wahyi ukateremka kumsafisha asiyekuwa na kosa na kukataza kuwatetea wahaini. Zingatieni, ndugu zetu, kwamba aya hizi tunazisoma katika swala mpaka leo.

Kuhusu kuaminiana, tukirudi kwenye Hijra tutamkuta Abdullah bin Urayqit. Hakuwa Muislamu, alikuwa katika dini ya Makureshi. Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walimuajiri awe kiongozi wa njia, wakamkabidhi ngamia wao wawili na wakaagana naye wakutane kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Makureshi walikuwa wametangaza zawadi kubwa ya ngamia. Neno moja tu lingetosha kumtajirisha. Alikuja kwa miadi akiwa na ngamia wote wawili. Wanazuoni wamechukua hapa ruhusa ya kumuajiri asiyekuwa Muislamu pale anapojulikana kwa uaminifu, na mazingatio yapo katika neno "anapojulikana". Mtume hakumwamini kila mtu, wala hakumkataa mtu kwa lakabu yake. Alimwamini aliyemjua.

Kutojuana kuna khatari yake, na sisi tumeshaionja. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali. Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi hapa Unguja. Kwa wiki kadhaa baada ya mauaji yale kila upande uliutazama mwengine kama kwamba wote ni wauaji. Aya ya 8 ya Suratul-Maidah imekataza kuwa chuki ya watu fulani itutoe katika uadilifu, na aya ya 8 ya Suratul-Mumtahanah haikutukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu.

Tumalizie na swali lililotufikia mara nyingi. Mwenye nyumba anauliza: nina vyumba vya kupangisha, amekuja Mkristo mwenye kazi yake na familia yake, na majirani wananiambia nisimpe. Je, nikimpa nitapata dhambi?

Jibu: kumpangishia asiyekuwa Muislamu nyumba ya kuishi inajuzu. Kisichojuzu kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni ni kumpangishia mtu, awe Muislamu au si Muislamu, kwa ajili ya kufungua biashara ya haramu kama ulevi. Andikianeni mkataba, taja ndani yake usichokitaka nyumbani mwako, na uyatake kwake yale yale unayoyataka kwa mpangaji mwengine yeyote. Akishahamia ni jirani, na haki za jirani zinamhusu. Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, alilirudia kuuliza ni hili: jirani yetu Myahudi ameshapelekewa?

Wallahu a'lam.