Mvua ya Kwanza na Mvua ya Mwisho

Mwezi huu darasani tulisoma habari za Israeli ya zamani, mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, mbona wale watu walikuwa wanakimbia njaa kila mara? Hawakuwa na mto?" Swali zuri, tulijibu humu ili na nyumbani mlizungumze.

Mto ulikuwepo, Yordani. Lakini unapita chini sana bondeni, na mashamba mengi yalikuwa juu milimani. Nani atapandisha maji huko? Misri ni tofauti: mto Nile ulifurika kila mwaka na kulowesha mashamba, hata kama mvua hainyeshi. Ndiyo maana Abrahamu, na baadaye wana wa Yakobo, walipobanwa na njaa walielekea Misri.

Mkulima wa Israeli alitegemea mvua tu. Kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 9 ni jua tupu, udongo unakuwa mgumu kama tofali. Mwezi wa 10 au wa 11 inakuja mvua ya kwanza, udongo unalainika, watu wanalima kwa ng'ombe na kupanda shayiri na ngano. Katikati hapo mvua ni nyingi. Halafu mwezi wa 3 na wa 4 inatakiwa mvua ya mwisho, ile ya kujaza punje. Ikikosa, mnavuna makapi. Na ya kwanza ikichelewa ni taabu zaidi: mbegu imebaki kidogo mtungini, watoto wanalia. Mkiila, mtapanda nini? Hapo sina haja ya kuwaeleza wazazi.

Sio kwamba walikaa tu. Walichimba visima ndani ya mwamba, wakavipaka chokaa visivuje, wakakinga maji ya mvua. Walijenga kuta za mawe milimani ili udongo usichukuliwe. Mwaka 1908 kule Gezeri kilichimbuliwa kijiwe cha karibu miaka 3,000, kimeandikwa kazi za shamba mwezi kwa mwezi: zeituni, kupanda, kitani, shayiri, mizabibu. Wataalamu wengine wanadhani lilikuwa zoezi la mwanafunzi. Mimi kama mwalimu napenda wazo hilo.

Hata hivyo njaa iliwafikia. Kitabu cha Ruthu kinaeleza kwamba Elimeleki, Naomi na vijana wao wawili walihama Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate, wakaenda kuishi ugenini Moabu. Wanaume wote watatu walifia huko. Naomi alirudi baada ya miaka kama 10, wakati shayiri inaanza kuvunwa, pamoja na mkwewe Ruthu, ambaye sasa yeye ndiye alikuwa mgeni.

Sheria yao ilikataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni au kurudia masuke yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Ruthu aliokota mpaka jioni, akapura, akapata karibu efa moja ya shayiri, yaani kadiri ya lita 20. Akajitwika, akampelekea mama mkwe.