Mayai ya tilapia ndani ya kisanduku cha pleksi: kazi ya mikono Musienene

Saa kumi na moja ya asubuhi, Musienene ni baridi ya kuingia mifupa. Ile saa ndiyo naamuka kuchemusha maji, na si ya chai kwanza. Ni ya bidoni ya litre 5 ambayo nafunga muzuri na kuielezesha ndani ya maji ya samaki. Mara ya kwanza bibi yangu alicheka. Mara ya pili, wakati aliona macho madogo nyeusi yameanza kuonekana ndani ya mayai, ni yeye alianza kuniamusha.

Wale tuliokuwa nao Manguredjipa wanajua kwa nini niko nyumbani. Mguu uliumia ndani ya shimo, na mguu wa namna hiyo haushuke tena na kamba. Mutu anaweza kukaa mbele ya mulango na kuhesabu moto zinazopita, ao anaweza kutafuta kazi ya kukaa. Huku kwetu watu wengi wako na maziwa ya samaki ku mabonde, na kila mara wanauliza jambo moja: vitoto vya samaki vinatoka wapi? Samaki wa Vitshumbi na Kyavinyonge anafika Butembo akiwa amekauka ao na chumvi. Huyo ni wa sufuria. Mwenye ziwa anataka muzima, mudogo kama kidole.

Na ndani ya ziwa la nje, kwa hii baridi yetu, tilapia anachelewa. Maji yakishuka chini ya digri 20 anakula kidogo sana, na kuzaa anasahau. Anapenda 26 mupaka 28. Butembo peke yake inapita metre 1 700, na sisi tuko ku milima ileile. Kuna tena neno la hewa: ku urefu wa metre 1 800, nguvu ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya kando ya bahari, na oksijeni inayoingia ndani ya maji inapungua vilevile. Krezere anaelewa hiyo bila mwalimu. Ukiwa chini kabisa na pompi ya hewa ikisimama, kifua kinakuambia. Samaki naye ni vile.

Sasa, tilapia anabeba mayai ndani ya kinywa. Mama anayakusanya kisha kutaga, anayazungusha mu kinywa siku nyingi, na wakati huo wote hakule. Mayai yanaweza kufika mia kadhaa. Kwa digri 28 yanapasuka kisha siku tatu mupaka tano. Vitoto vinaanza kuogelea vyenyewe karibu siku ya kumi ao zaidi kidogo. Ukimunyang'anya mama mayai yake polepole, anarudilia kula haraka, na anaweza kutaga tena mbele ya wakati. Lakini ile kazi ya kuzungusha, sasa ni wewe utaifanya. Mayai yakilala chini bila kutikisika, yanashika kitu kama pamba nyeupe na yanaoza. Ndiyo sababu ya kisanduku.

Pleksi ni ile plastiki ngumu ya kuona ngambo. Ilianza kuuzwa na jina Plexiglas ku Ujeremani mwaka wa 1933, kazi ya Otto Röhm, na wakati wa vita waliifanya madirisha ya ndege. Sisi wa Beni na Butembo tulijifunza kuangalia watu wetu nyuma ya plastiki ya namna ingine, wakati wa Ebola, 2018 mupaka 2020, ndani ya vile vyumba ambavyo familia ilisimama inje na mugonjwa ndani. Sikupenda kukumbuka, lakini mukono wangu ulikumbuka mara ya kwanza niligusa kipande.

Vipande vinapatikana kwa wale wanaotengeneza mabango ya maduka. Wanatupa vya pembeni, omba. Kwa uzito sawa wa ukubwa, pleksi ni kama nusu ya kioo, na inapitisha baridi kidogo kuliko kioo. Sanduku kubwa la maji, mimi nililifanya na kioo na silikoni, juu pleksi munene ni bei. Centimetre 60 kwa 30 kwa 30 ni litre 54, ni kusema kilo 54 bila kuhesabu kioo. Usiiweke ku meza ya kula. Yangu iko ju ya matofali, na nyuma nimebandika mousse nyeupe ile ya kufungia televizyo, ili joto lisikimbie.

Kisanduku cha mayai ndicho cha pleksi. Kuta ine, kila moja 10 kwa 25. Haukate na musumeno ya haraka, inayeyuka. Unakwangua mustari moja na ncha ya kisu ya nguvu, mara kumi ku njia moja, kisha unaweka ule mustari ku ukingo wa meza na kuvunja. Inakatika safi. Unasugua ukingo na karatasi ya msasa mupaka ilale sawa, kwa sababu gundi ya pleksi haijazi tundu. Hiyo gundi si kama ya viatu: ni dawa ya maji inayoyeyusha pande mbili zikuwe kitu kimoja.

Hapo ndipo nilianguka. Mara ya kwanza niliona gundi ni bei, nikatumia silikoni iliyobakia. Siku ya ine ukuta ulitoka kama ganda la ndizi, na mayai yote yakaenda kwa samaki wakubwa, wakakula. Silikoni inashika kioo, ku pleksi inajifanya kushika. Acetone nayo inaacha nyufa ndogondogo, na ukipangusa na alkoli ni vilevile. Gundi ya kweli ina harufu ya kuzungusha kichwa. Ifanyie inje, mbali na moto, watoto wasikaribie.

Chini niliweka vipande viwili vya kulala mushazari, kama paa ya nyumba iliyogeuzwa, ili mayai yasijifiche ku kona. Juu kuna dirisha dogo lenye kitambaa cha moustiquaire. Maji yanaingia na katiyo kembamba kanachofika karibu na chini kabisa, yanainua mayai, yanatoka ku dirisha na kurudi ndani ya maji makubwa. Ni nani anasukuma? Hewa tu. Ndani ya tiyo ingine iliyosimama mu maji unaingiza mapovu kutoka chini. Yanapopanda yanabeba maji mupaka ku kikombe kidogo kilicho juu kidogo ya kisanduku, mapovu yanatokea hapo, na maji yanashuka. Wale wa motopompi watasema hiyo ni nguvu kidogo. Ndiyo, ni vile inafaa. Mayai yanapaswa kugeuka kama ugali unakorogwa na mutu mwenye usingizi. Yakiruka, punguza hewa. Lile lililogeuka nyeupe, toa siku ileile.

Kwa kusafisha maji, nilijaza chombo kingine na majiwe ya volkano ya Goma, yale yenye matundu. Vijidudu vizuri vinakaa ndani ya matundu na kugeuza mukojo wa samaki usikuwe sumu. Hesabu juma ine mupaka sita mbele viwe vingi. Kwa hiyo anza na samaki wachache.

Kuranti: pompi ndogo ya hewa ya watt 3 inatumika usiku wa saa 12 na watt-saa 36. Batri ya volti 12, ampere-saa 7, iko na 84. Inatosha kwa hewa, na pano ndogo inajaza muchana. Kwa joto haitoshi, itaisha kwa saa moja hivi. Ndiyo maana ya bidoni ya maji moto.

Mambo mawili nasema bila kucheka. Usiingize gurupe ndani ya nyumba ju ya samaki, wala mbabula ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ule moshi usio na harufu umeua wenzetu ndani ya mashimo. Ndani ya nyumba unaua watoto wakiwa wamelala. Na la pili: chombo chochote kilichogusa merkire, karai, bidoni, hata chupa, kisikaribie maji haya. Merkire haioshwe na sabuni. Ndani ya maji vijidudu vinaigeuza, inaingia mu nyama ya samaki, na mama mwenye mimba akiila inafika ku ubongo wa mutoto. Karai langu la zamani la dhahabu nililitoboa matundu, ili mutu asilikopeshe.

Kundi la pili lilipasuka siku ya tano, maji yalikuwa digri 26. Niliwahesabu na kijiko cha chai mupaka 212, nikachoka. Jirani mwenye ziwa la kule chini alikuja kuangalia mara tatu. Mara ya tatu alileta bidoni yake mwenyewe, nikamuuliza kwanza ilikuwa ya nini.