Je, Wajua? Mwili wa Staa, Mtoto wa Jirani

Mtu wa Sumbawanga akishuka Stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, huulizwa habari za uchawi wa ungo na radi kabla hajaulizwa jina. Kwa hiyo hapa Izia, mjini Sumbawanga, tunajua kuhukumiwa na watu wasiotujua. Hata hivyo, simu ikizungushwa saluni, nasi hatuwaachi mastaa: huyu kanenepa, yule kakonda, wa tatu kamwachia mtoto dada wa kazi. Haya machache ni ya kutafuna huku foleni ya kusuka ikisogea.

Je, wajua kwamba Siti binti Saad alisemwa sura na asili yake karibu miaka mia iliyopita? Mzaliwa huyo wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akifinyanga vyungu na kuvitembeza, alichekwa kwamba aliingia mjini na kaniki. Alijibu kwa wimbo: sura si hoja. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na mwaka 1958 wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert ukachapishwa. Waliomcheka, nani anawakumbuka majina?

Je, wajua kwamba mitindo haikuletwa huku kwetu Ufipa na basi la Dar? Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita huku mwaka 1880 aliwakuta Wafipa wakifuma wenyewe nguo za pamba. Vitambaa vya viwandani ndivyo vilivyokuja kuizima kazi hiyo.

Je, wajua kwamba mavazi yaliwahi kuwa ajenda ya chama? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, ya kuanza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa vita ni sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Mabishano yalijaa kwenye barua za wasomaji magazetini, na ukizisoma leo utadhani zimeandikwa Instagram.

Je, wajua kwamba mashindano ya Miss Tanzania yalipigwa marufuku mwaka huohuo wa 1968, yakarudi mwaka 1994? Msichana aliyezaliwa siku ya marufuku alikuwa na miaka kama 26 yaliporudi.

Je, wajua kwamba majirani nao hawakubaki nyuma? Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi Uganda mwaka 1972. Mwaka uliofuata Malawi ya Kamuzu Banda ilitunga sheria iliyowakataza wanawake hata suruali.

Je, wajua kwamba mwaka 2007 Tanzania ilibishana juu ya warembo wawili kwa sababu mbili tofauti? Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe, Mexico City, akiwa na kipara, akaingia kumi bora. Richa Adhia, Miss Tanzania wa mwaka huo, aliambiwa si Mtanzania wa kutosha kwa kuwa ana asili ya Kihindi. Mmoja alikosa nywele, mwingine alikosa rangi. Mahakimu walikuwa walewale.

Je, wajua kwamba hata tuzo ya Oscar haimkingi mtu? Mwigizaji Lupita Nyong'o aliipata mwaka 2014. Mwaka 2017 jarida la Grazia la Uingereza likachapisha picha yake ikiwa imefutwa sehemu ya nywele zake za asili. Alilalamika hadharani, wakaomba radhi.

Je, wajua kwamba mkorogo wa kujichubua una mkataba wa kimataifa unaouhusu? Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unakataza vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki. Zebaki hiyo huharibu figo. Kwa hapa nchini, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019.

Je, wajua kwamba hesabu ya BMI, ile ya kugawa uzito kwa urefu uliozidishwa kwa urefu huohuo, haikutungwa na daktari? Ni ya Adolphe Quetelet, mwanaastronomia na mtakwimu wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830. Alikuwa akitafuta wastani wa watu wengi, hakuwa akimpima mtu mmoja, sembuse staa anayeonekana pichani tu.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hupata tatizo la uzazi maishani? Wema Sepetu, Miss Tanzania 2006, ameeleza hadharani jinsi anavyosemwa kwa kutopata mtoto. Tatizo hilo huwapata wanaume pia, lakini maneno humwangukia mwanamke.

Je, wajua kwamba Instagram hairuhusu mtu wa chini ya miaka 13 kujifungulia ukurasa? Binti wa Diamond Platnumz na Zari Hassan, aliyezaliwa Agosti 2015, alikuwa na wafuasi wengi kabla hajaota meno, kwa ukurasa ulioendeshwa na wakubwa wake. Nchi nzima ikakaa kumlinganisha sura.

Je, wajua kwamba mama aliyeajiriwa Tanzania hupewa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3? Ushauri wa kitabibu ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Msanii akirudi jukwaani mapema twamwita mama mbaya, ilhali mwalimu wa mtaani kwetu hurudi darasani siku zikiisha na hakuna anayeuliza.

Tuwaache mastaa, tuje kwa mtoto wa jirani. Je, wajua kwamba viwango vya dunia vya ukuaji wa mtoto, vilivyotolewa mwaka 2006, vilipatikana kwa kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani? Waliolishwa na kutunzwa vizuri walirefuka karibu sawa kila mahali. Ile kauli ya "ukoo wetu ni wafupi" imeanzia hapo kuyumba.

Je, wajua kwamba utafiti wa kitaifa wa 2015/16 uliukuta mkoa wetu wa Rukwa ukiongoza nchini kwa udumavu, asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano? Mwaka 2022 ilikuwa karibu 50, wakati taifa lilikuwa 30. Iringa na Njombe zilikuwa juu yetu. Ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi.

Je, wajua kwamba ulezi wetu una kalsiamu zaidi ya mara kumi ya mahindi? Sehemu yake kubwa huishia kwenye pombe.

Je, wajua kwamba mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu yaliyojaa? Ni mfupi kuliko umri wake, na jicho halitambui hilo, hata liwe kali kama yale ya saluni. Linatambuliwa kwa ubao wa kupimia urefu na tarehe ya kuzaliwa, na kinga yake iko katika siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba hadi miaka miwili. Kwa hiyo siku ya kliniki usiridhike na kilo peke yake: omba mtoto apimwe na urefu, uandikwe kwenye kadi.