Saa zisipopatana, shimo la Kaptembwo huonekana kwingine

GARI la kupima ubora wa barabara linapopita mtaa kama Kaptembwo, jijini Nakuru, hubeba vifaa kadhaa kwa pamoja: kamera inayopiga picha za lami, leza inayopima kina cha mashimo, kifaa cha kunasa mtikisiko, kihesabu mizunguko ya gurudumu na kipokezi cha setilaiti kinachoonyesha gari liko wapi. Kila kimoja huwa na saa yake, na hapo ndipo hitilafu huanzia.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari husonga karibu mita 14 kila sekunde. Saa ya kamera ikikosea kwa nusu sekunde tu, shimo lililo mlangoni pa duka huandikwa mita saba kando. Rekodi hizo ndizo huwaongoza wahandisi kuamua mahali pa kukarabati. Mafundi wanaweza kutumwa kwenye kipande kizima, huku matatu zikiendelea kukwepa shimo lile lile.

Upimaji wenyewe si mgeni nchini. Katika miaka ya 1970, watafiti kutoka Uingereza walipima barabara za Kenya kwa kifaa cha gurudumu moja kilichokokotwa na gari kwa kilomita 32 kwa saa. Kilijumlisha mitikisiko tu. Hapakuwa na kamera wala setilaiti za kupatanishwa.

Siku hizi kipokezi cha setilaiti hufanywa kiongozi. Setilaiti za GPS hubeba saa za atomiki, na kipokezi hutoa ishara ya umeme kila sekunde, ambayo vifaa vingine huifuata. Kamera ghali isiyotii ishara hiyo ina faida ndogo kuliko ya bei nafuu inayoitii.

Hata hivyo, kuna mtego. Tangu Januari 1, 2017, saa ya GPS imekuwa mbele ya saa rasmi ya dunia kwa sekunde 18. Ni kama mgeni anayeambiwa saa mbili asubuhi, akangoja mshale ufike kwenye 2: saa yake ni nzima, hesabu ndiyo tofauti. Kwa mwendo ule wa kilomita 50, sekunde 18 ni mita 250.

Jaribio lake halihitaji maabara. Gari hupitishwa juu ya tuta moja, kwenda na kurudi, kwa mwendo usiobadilika. Saa zikipatana, tuta hubaki pale pale kwenye ramani. Zikikosana, huonekana matuta mawili. Nusu ya umbali ulio kati yake, ikigawanywa kwa mwendo wa gari, huonyesha tofauti ya saa. Matuta, kwa bahati, hayajawahi kuadimika Kenya. Jaribio hilo hurudiwa kila kifaa kinapobadilishwa au programu yake kufanyiwa marekebisho.