Ngama ya Kigimbi

Ukikimbia mteremko leo, keshokutwa utashuka ngazi kinyumenyume. Uwanjani watakwambia ni asidi ya laktiki. Nami niliuimba wimbo huo miaka mingi, kumbe laktiki huondoka msulini ndani ya saa moja hivi, ilhali maumivu yale hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Amesingiziwa asiyekuwepo.

Baadhi ya wanaochunguza jinsi msuli unavyojirudi hufuata chumvi, hasa sodiamu iliyomo ndani yake. Nje ya seli ya msuli sodiamu ni takriban milimoli 140 kwa lita. Ndani ni 10 hadi 15 tu. Ni kama jahazi: bahari nje, ndani ngama, yaani sehemu ya chini ya chombo yanapokusanyika maji, na maji hayaachi kupenya. Anayeyafua maji hayo ni pampu aliyoielezea Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, kazi iliyomfikisha kwenye Nobel ya kemia mwaka 1997. Kila mkupuo hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Msuli ukifanyishwa kazi, kila amri ya kujikunja huifungulia sodiamu milango. Ngama hujaa.

Hapo ndipo MRI ya sodiamu, upigaji picha za mwili kwa sumaku, inapochungulia. Mtu hulazwa, mguu ukaingizwa kwenye koili iliyotegwa isikie sodiamu badala ya haidrojeni ya maji. Kando ya kigimbi huwekwa vichupa vya maji ya chumvi ya kipimo kinachojulikana, mithili ya mawe ya mizani. Hupigwa picha ya kwanza, kisha mtu hukanyaga pedali hadi mguu uchoke, halafu picha tena na tena. Kigimbi hung'aa, kisha mng'ao hufifia. Kwa mwenye afya, nusu ya ongezeko huisha kwa kama nusu saa.

Usitarajie picha ya kutundika ukutani. Sauti ya sodiamu ni hafifu mara maelfu kuliko ya maji, na sehemu yake kubwa hufa ndani ya milisekunde chache. Hata kwa sumaku ya tesla 3 au 7, picha hutoka na ukungu.

Tena kuna mtego. Baada ya mazoezi msuli hujaa majimaji nje ya seli, nayo yana sodiamu tele. Zipo mbinu za kuinyamazisha sodiamu hiyo ya nje, ila hazijaweza kuitenga kabisa. Kwa hiyo kigimbi kinapong'aa, mtafiti bado ana swali: ngama imejaa, au ni bahari iliyopanda?