Vidonge vya Utamu kwa Mgonjwa wa Kisukari

Wagonjwa wengi wa kisukari siku hizi huja kliniki na kikopo cha vidonge vya kutia katika chai. Wanatuuliza kama kweli havipandishi sukari. Wengine hutuambia kwa furaha kwamba wao wameacha sukari na sasa wanatumia asali. Tuanze na hao.

Asali ni sukari. Ndani yake mna glukosi, na kijiko chake hupandisha sukari ya damu kama kijiko cha sukari ya dukani. Sukari guru ni hivyo hivyo.

Vidonge ni jambo jingine. Sakarini, aspatemu, sukralosi na stevia huonjwa na ulimi kuwa vitamu, lakini haviachi glukosi katika damu. Sakarini ni tamu kupita sukari mara 300 hivi, kwa hiyo chembe tu yatosha, nayo hutoka katika mkojo ilivyoingia. Glukosi isipopanda, kongosho halina sababu ya kumwaga insulini nyingi.

Mbona basi mtu anakunywa chai ya vidonge, akipimwa sukari iko juu? Tukimwuliza alikula nini, tunasikia: maandazi matatu. Unga hugeuka glukosi tumboni. Chai haikuwa na kosa.

Hata hivyo tusivisifu kupita kiasi. Mwaka 2022 watafiti wa Israeli waliwapa watu wenye afya vitamu hivi kwa wiki mbili, na waliotumia sakarini na sukralosi miili yao ilishindwa kidogo kuituliza glukosi kama mwanzo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kwa ajili ya kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari. Sisi twawaambia wagonjwa wetu: tumieni kidogo, huku mkiuzoesha ulimi chai isiyo tamu. Ulimi huzoea, japo wazee wetu hawaamini.

Lakini hatari tunayoiogopa zaidi ni nyingine. Mzee mmoja anayejidunga insulini alichoma sindano asubuhi, akaenda shamba bila kula. Alirudi akitoka jasho na kutetemeka, maneno yake hayaeleweki. Binti yake, kwa mapenzi, akampikia chai tamu, vidonge vinne ndani, kwa kuwa nyumbani sukari ilipigwa marufuku. Mzee akanywa yote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Alifika kwetu amezimia, tukamwokoa kwa dripu ya glukosi.

Dalili hizo ni za sukari iliyoshuka, chini ya 4 katika kipimo. Hapo vidonge havifai kitu, wala soda isiyo na sukari. Mpeni mgonjwa sukari halisi, vijiko vya chai vitatu au vinne katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu, rudieni. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu chochote kinywani, bali apelekwe hospitali upesi.

Kwa hiyo nyumba yenye mtu wa insulini isikose sukari kabatini, na kila mmoja, hata mtoto wa shule, ajue ilipowekwa. Naye mgonjwa aendapo shamba au safarini, afunge kidogo katika karatasi na kuitia mfukoni.