Goma: Namna butiki za mtaani zinavyoongoza sahani na uzito wa wakaaji

Katika mitaa ya Ndosho, Majengo ama Katindo, ni vigumu kutembea dakika tano bila kukuta butiki. Ndani mna mchele, unga, sukari, mafuta, biskuti, mandazi na soda. Kinachokosekana mara nyingi ni matunda na mboga mbichi.

Sababu ni ya biashara. Biskuti hukaa miezi bila kuharibika, lakini lengalenga hunyauka kwa siku moja, na umeme wa friji haupatikani kila mahali. Muuzaji mwenye mtaji mdogo haweki pesa yake kwenye kitu kitakachooza. Anayetaka kabeji ao karoti za Kibumba anapaswa kufika soko la Virunga ao Alanine, na pengine kulipa moto kwenda na kurudi. Anayeishi kwa pesa ya siku, akirudi jioni, ananunua kilicho karibu.

Hapo ndipo uzito unaongezeka bila mtu kujua. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, ya mafuta ina 9. Chupa ya soda ya santilita 33 inaweza kuwa na gramu 35 hivi za sukari. Shirika la afya duniani, OMS, linashauri mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Linashauri pia kula angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku.

Wengine watasema tatizo letu ni njaa, si unene. Lakini yote mawili yanaweza kukaa nyumba moja. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ulionyesha kwamba watoto 42 kwa 100 wenye chini ya miaka mitano nchini DRC walikuwa wamedumaa. Mandazi na chai ya sukari vinashibisha tumbo, lakini havimpi mtoto vitamini na protini za kutosha ili akue. Mama anayekula hivyo kila siku anaweza kunenepa na kujiweka katika hatari ya tansiyo na kisukari. Na kwa kuwa kwetu kunenepa huonwa kama alama ya maisha mazuri, si rahisi mtu kwenda kupimwa mapema.

Butiki hazifai kulaumiwa tu: ndizo zinazokopesha familia chakula mwezi unapokuwa mgumu. Maharagi, karanga, mayai na sambaza kavu havihitaji friji, na muuzaji huleta kile ambacho wateja wanaomba. Kuhusu mboga, akina mama wanaozitembeza mtaani wanaweza kupewa nafasi mlangoni mwa butiki jioni. Mwenye butiki hapotezi mtaji wake, na mteja anayekuja kununua mafuta anarudi nyumbani na lengalenga pia.